Kuondoa Alama Sugu za Waipa kwenye Kioo cha Mbele cha Gari: Mwongozo Kamili kwa Madereva wa Uganda

Dereva anayerudi Kampala usiku kwa barabara ya Masaka huku mvua ikinyesha hukitegemea kioo cha mbele sawa na anavyozitegemea taa zake. Lori linapotokea upande wa pili likiwa limewasha taa kali, kila mstari ulioachwa na waipa hugeuka kuwa mchirizi wa mwanga, na kwa sekunde mbili au tatu mtembea kwa miguu, baiskeli iliyobeba matoke au bodaboda isiyo na taa ya nyuma hupotea kabisa machoni. Mchana alama hizo huonekana kuwa jambo dogo, na ndiyo sababu watu wengi huzivumilia mwaka baada ya mwaka.

Wanaoamua kuzishughulikia mara nyingi huamini mojawapo ya mambo mawili: kwamba kioo kimezeeka na hakina dawa, au kwamba kinahitaji kusuguliwa kwa nguvu. Imani zote mbili zimeharibu vioo vingi. Sehemu kubwa ya alama zinazoitwa sugu ni utando uliokaa juu ya kioo, na utando huo hutoka bila nguvu ukipatiwa dawa inayoufaa. Mikwaruzo ya kweli, kwa upande wake, mara nyingi huletwa na mtu aliyesugua utando huo kwa kitambaa kilichobeba mchanga. Kwa hiyo kazi hii huanza kwa kutambua alama ni ya aina gani, kisha hutumia njia ya upole kabisa kwanza, na kupanda kwenye njia kali zaidi pale tu ile ya upole inaposhindwa.

Kwa nini vioo vya hapa huchafuka upesi

Vumbi jekundu la barabara za muramu lina chembe za mchanga wa kwatsi ndani yake. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo cha kawaida hufikia kati ya 5.5 na 6, ilhali kwatsi hufikia 7. Maana yake ni kwamba chembe moja ya mchanga ikinaswa kati ya raba ya waipa na kioo, kioo ndicho kinachoumia. Dereva anayewasha waipa juu ya kioo kikavu chenye vumbi ili aone njia vizuri anachora nusu duara ambazo hazitafutika kwa sabuni ya aina yoyote.

Zaidi ya vumbi, kuna moshi na mafuta yanayorushwa na malori kwenye barabara ya Jinja, utando wa nta kutoka kwenye shampuu za vituo vya kuoshea magari, ulimbo wa mifenesi na miembe ambayo watu huegesha magari chini yake, kinyesi cha kalooli, wale korongo wakubwa wa mjini, katikati ya Kampala, na wadudu wadogo wa ziwani ambao katika baadhi ya majira hutua kwa mawingu huko Entebbe na Jinja. Jua la nchi iliyopitiwa na mstari wa Ikweta huvikausha vitu hivi vyote juu ya kioo, na papo hapo huikausha raba ya waipa mpaka ikawa ngumu na kupasuka ukingoni.

Jambo jingine ni umri wa magari yenyewe. Magari mengi tunayoendesha yalitumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kufika hapa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ilizuia kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, lakini hata gari la miaka 10 huja na kioo kilichokwisha kupanguswa mara nyingi mno. Kwa hiyo mnunuzi wa gari anafaa kukikagua kioo cha mbele kwa uangalifu ule ule anaoutumia kuikagua injini.

Kuitambua alama kabla ya kugusa chochote

Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa muda na fedha zaidi. Egesha gari kivulini, mimina maji safi juu ya kioo, washa waipa, kisha utazame kinachotokea.

Ikiwa waipa inaacha mistari myembamba ya maji yenye umbo la upinde, na mistari hiyo hukaa mahali pale pale kila inapopita, raba imechanika au imenasa uchafu mahali hapo. Ikiwa inaacha ukungu mpana unaotoweka baada ya sekunde chache, kuna mafuta au nta juu ya kioo, juu ya raba, au kwenye vyote viwili. Kipande kizima kisichoguswa kabisa huonyesha kwamba ufito umepinda au springi ya mkono wa waipa imelegea. Waipa inayorukaruka na kupiga kelele ina raba iliyokauka, au mkono wake umejipinda kiasi kwamba raba haisimami wima juu ya kioo. Na ikiwa inafuta vizuri kuelekea upande mmoja lakini huacha uchafu inaporudi, raba imezoea kulalia upande mmoja na haigeuki tena.

Sasa kausha kioo kabisa. Alama inayoonekana kwenye kioo kikavu, hata waipa zikiwa zimesimama, ni jambo tofauti, na inahitaji vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni cha mwanga. Jioni, giza linapoingia, weka tochi ya simu karibu na kioo kwa upande ili mwanga upite ukikaribia kulala juu yake. Utando huonekana kama wingu lisilo na kingo kali, mikwaruzo huonekana kama nyuzi zinazomeremeta. Kipimo cha pili ni cha ukucha: pitisha ukucha polepole kuukata mstari huo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina na hautaondoka kwa kung'arishwa bila kuharibu umbo la kioo. Usiponasa, bado kuna matumaini. Kipimo cha tatu hufanywa baada ya kuosha: vaa kavera nyembamba, yaani mfuko wa plastiki, mkononi kisha upitishe vidole polepole juu ya kioo chenye unyevu. Kavera huufanya mkono uhisi vitu vidogo ambavyo vidole vitupu havihisi, na ukihisi chembe zinazokwaruza, bado kuna uchafu ulioganda hata kama kioo kinaonekana safi.

Kuna tahadhari moja kuhusu maji. Wengi hulowesha kioo, wakaona alama imetoweka, wakadhani ulikuwa uchafu uliotoka. Maji hujaza mikwaruzo midogo na kuificha, kwa hiyo usihukumu lolote mpaka kioo kikauke.

Hatimaye, ingia ndani ya gari na upanguse kipande kimoja cha kioo kwa upande wa ndani kwa kitambaa kikavu. Plastiki ya dashibodi ikichomwa na jua hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo kama utando wa mafuta, na utando huo hulaumiwa kwa waipa ambazo hazikuhusika kabisa.

Vitu vya kuandaa

Hakuna kitu cha gharama kubwa katika hatua za mwanzo. Andaa ndoo mbili, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vitambaa safi vya maikrofaiba visivyopungua vinne, siki nyeupe ya dukani ambayo kwa kawaida huwa na asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5, spiriti ya isopropili kutoka duka la dawa, bikabonati ya soda inayotumiwa kuumulia keki, wembe mpya, brashi ndogo laini, na maji ya kutosha.

Kuhusu spiriti, soma lebo. Spiriti ya kidonda mara nyingi hutiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yataacha utando ule ule unaojaribu kuuondoa. Vitakasa mikono vya jeli navyo havifai, kwa sababu kinachovifanya viwe vizito hubaki juu ya kioo.

Kuhusu maji, ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria yana chokaa kidogo na yanafaa. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za nchi yana chokaa zaidi, na yakikauka juu ya kioo yenyewe huacha madoa meupe. Anayetumia maji ya kisima kuoshea gari afanye suuza ya mwisho kwa maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kusafishwa na mvua ya kwanza, au kwa maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Hakikisha kwamba ni maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, wala si asidi yake, maana chupa zake wakati mwingine hufanana.

Hatua ya kwanza: kuondoa mchanga bila kuusugua

Fanya kazi asubuhi mapema au jioni, kioo kikiwa baridi kwa kuguswa na mgongo wa mkono. Saa sita mchana dawa hukauka kabla haijafanya kazi, na maji baridi yakimwagwa ghafla juu ya kioo cha moto ambacho tayari kina ufa mdogo yanaweza kuuendeleza ufa huo.

Fungua boneti na uondoe majani, maua na mchanga uliojikusanya kwenye mfereji ulio chini ya kioo, pale waipa zinapolala. Wasafishaji wengi hawagusi mfereji huu, ilhali ndiyo ghala ambamo waipa huchota mchanga kila zinapoanza kupanda. Gari linaweza kuoshwa kila wiki na bado likaendelea kukwaruzwa kwa sababu ya kiganja kimoja cha mchanga kilichobaki hapo.

Kisha funga boneti, inua mikono ya waipa kwa upole, na umwage maji mengi kutoka juu kwenda chini bila kugusa kioo kwa chochote. Usitumie kitambaa, sponji wala nyuzi za mgomba katika hatua hii. Maji yanayoteremka yakiwa hayana tena wekundu, changanya kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji katika lita 5 za maji, na uoshe kwa kitambaa laini ukianzia juu. Kila baada ya mapito machache, suuza kitambaa katika ndoo ya pili yenye maji matupu kabla ya kukirudisha kwenye ndoo ya sabuni. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando kabisa. Wengi hukikung'uta na kuendelea, na hapo ndipo mkwaruzo mpya unapozaliwa. Sabuni ya unga nayo iachwe, kwa sababu chembe zake zisizoyeyuka huburutwa juu ya kioo, na sabuni ya mche huacha utando mweupe hasa ikikutana na maji ya chokaa.

Hatua ya pili: dawa kulingana na doa

Baada ya kuosha na kukausha, rudia kipimo cha tochi na cha kavera. Kilichobaki sasa kinahitaji dawa yake.

Wadudu waliokauka na kinyesi cha ndege hawahitaji zaidi ya subira. Tandika kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni juu yao, kiache dakika 10 hadi 15, kisha uvipanguse. Kinyesi cha kalooli kisiachwe kulala hata siku moja, kwa sababu kina asidi inayokula rangi ya gari haraka kuliko inavyokula kioo.

Ulimbo wa mfenesi hauyeyuki kwa maji. Paka mafuta ya kula kidogo, acha dakika chache mpaka ulainike, uondoe, kisha safisha mafuta hayo kwa sabuni na umalizie kwa spiriti. Ukibaki tone gumu, lilowanishe vizuri kwa maji ya sabuni na ulikwangue kwa wembe mpya uliolazwa kwenye pembe ya kiasi cha nyuzi 30, ukiusukuma mbele tu bila kuurudisha nyuma. Wembe wenye kutu au pengo hautumiki kabisa, na wembe haupitishwi juu ya kioo kikavu.

Mafuta, moshi na nta ndivyo vinavyoleta ule ukungu mpana unaofuata waipa. Changanya spiriti na maji kwa vipimo sawa, lowesha kitambaa, na ufanye kazi kwenye eneo dogo kwa wakati mmoja, ukifuatiza kitambaa kikavu kabla mchanganyiko haujakauka wenyewe. Geuza upande wa kitambaa mara kwa mara, kwa maana kitambaa kilichokwisha kujaa mafuta huyahamisha tu kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kipimo cha mafanikio ni maji: yamwage juu ya kioo, nayo yanapaswa kutandaa kama shuka moja. Yakijigawa matone matone, mafuta bado yapo, isipokuwa kama kioo kilipakwa dawa ya kufukuza maji.

Madoa ya chokaa yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayodhaniwa sana kuwa mikwaruzo. Maji yenye chokaa hurushwa na pampu ya waipa, huenezwa kwa umbo la upinde, hukauka, na safu nyingine huongezwa juu yake kesho. Baada ya miezi kadhaa pinde hizo huwa nyeupe, ngumu, na hazisikii sabuni. Siki huyeyusha chokaa, lakini inahitaji muda wa kuigusa. Lowesha taulo za karatasi au kitambaa chembamba kwa siki isiyochanganywa na maji, vitandike juu ya pinde hizo, na uviache dakika 10, ukiongeza siki vinapoanza kukauka. Funika rangi ya boneti kwa plastiki na usiiache siki itiririke kwenye chuma kilicho wazi. Suuza kwa maji mengi, kausha, na utazame kwa tochi. Alama ikipungua, hata kama haijaisha, umethibitisha kwamba ni chokaa. Rudia mara mbili au tatu kabla ya kufikiria njia nyingine. Isipobadilika hata kidogo, ama si chokaa, ama imekaa muda mrefu kiasi cha kukila kioo chenyewe, na hapo siki haitasaidia tena.

Siki isichanganywe wala isitumiwe mara baada ya dawa ya klorini ya kufulia nguo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Asidi zinazouzwa kwenye chupa zisizo na lebo, zinazopendwa na baadhi ya waosha magari kwa sababu hung'arisha rimu mara moja, zisikaribie kioo. Baadhi yake zina asidi ya hidrofloriki, ambayo hula kioo na hupenya ngozi ya mtu kwa namna ya hatari sana.

Hatua ya tatu: kusugua kwa upole

Ikiwa kavera bado inahisi chembe baada ya dawa zote hizo, tengeneza uji mzito wa bikabonati ya soda na maji, uupake kwa kitambaa chenye unyevu, na usugue kwa miduara midogo bila kukandamiza. Bikabonati ni laini kuliko kioo na haiwezi kukikwaruza. Dawa ya meno inafanya kazi inayokaribiana na hiyo, ingawa ni ghali kwa eneo kubwa na husumbua kuisuuza.

Njia iliyo kali zaidi ni sufi ya chuma, lakini ile tu yenye alama ya sifuri nne, yaani 0000, ambayo nyuzi zake ni nyembamba sana. Itumiwe kwenye kioo kilicholoweshwa maji ya sabuni, bila nguvu, na ijaribiwe kwanza kwenye kona ya chini upande wa abiria. Waya wa kusugulia masufuria unaouzwa madukani si kitu hicho, na utaharibu kioo. Majivu ya mkaa yasitumiwe vilevile, hata kama yamesafisha masufuria ya nyumbani kwa vizazi, kwa maana yana chembe ngumu ambazo hazionekani kwa macho. Soda za chupa nazo zinasifiwa sana. Asidi yake ni kidogo, na sukari yake huacha kunata kunakovuta vumbi.

Ikiwa alama ni mikwaruzo

Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa mabamba mawili ya kioo, kila moja likiwa na unene wa takriban milimita 2, yaliyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Utando huo ndio unaovizuia vipande visiwarukie abiria wakati wa ajali. Kwa hiyo unapong'arisha kioo unapunguza bamba la nje, na kiasi unachoweza kupunguza bila madhara ni kidogo mno.

Mikwaruzo ambayo ukucha haunasi inaweza kupunguzwa kwa unga wa oksidi ya seriamu, ambao ndio unaotumiwa na wang'arishaji wa lenzi na vioo. Muulize fundi wa vioo mahali pa kuupata, na usikubali kuuziwa polishi ya rangi ya gari badala yake, kwa sababu polishi hiyo haina uwezo juu ya kioo. Changanya unga na maji mpaka uwe mzito kiasi cha kutochuruzika. Funga pedi ya felti kwenye drili yenye mwendo unaorekebishika, na usipite mizunguko 1,500 kwa dakika. Funika boneti, raba za pembeni na matundu ya hewa, kwa kuwa matone ya uji huo hufika mbali, na uvae miwani ya kukinga macho.

Gawa eneo katika vipande vya sentimita 30 kwa 30. Fanya kazi dakika moja au mbili kwenye kipande kimoja, ukiisogeza pedi wakati wote na kunyunyizia maji pedi inapoanza kukauka. Simama, panguza, gusa kioo kwa mgongo wa mkono. Kikiwa cha moto, subiri kipoe, kwa maana joto la mahali pamoja linaweza kukipasua. Usisugue mstari wa mkwaruzo peke yake. Ukifanya hivyo utachimba bonde dogo ambalo litapinda mwanga, na taa za magari yanayokuja zitaonekana zikicheza unapopita hapo. Eneza kazi pande zote za mkwaruzo. Ni kazi ya kuchosha inayoweza kuchukua saa kadhaa, na matokeo ya haki ni alama iliyofifia kiasi cha kutokusumbua usiku, wala si kioo kipya.

Zipo sehemu zisizopaswa kung'arishwa. Usikaribie mahali palipopasuliwa na kokoto. Usifanye hivyo mbele ya kamera iliyofungwa nyuma ya kioo, ambayo magari mengi mapya yanayotoka Japani huwa nayo karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Na katika eneo lililo sawasawa mbele ya macho ya dereva, ambalo kwa magari yetu ni upande wa kulia, ningemshauri mtu asitumie drili kabisa kama hajawahi kuifanya kazi hii. Amwachie fundi wa vioo mwenye uzoefu, au akubali kubadilisha kioo.

Raba na mkono wa waipa

Kioo kilichosafishwa kwa bidii na kurudishiwa raba chafu kitakuwa na pinde zake tena kabla ya wiki kwisha. Safisha raba kwa maji ya sabuni kwanza, kisha upitishe kitambaa chenye spiriti ukingoni, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kitambaa kitatoka cheusi. Endelea mpaka weusi upungue, lakini usitafute uishe kabisa, kwa sababu raba nyingi zimepakwa grafiti inayozisaidia kuteleza. Kuusugua ukingo kwa msasa, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya, huondoa grafiti hiyo pamoja na ukingo wenyewe.

Kunja raba kwa vidole. Ikiwa ina nyufa, imekuwa ngumu au imelala upande mmoja, ibadilishe. Kwa jua letu raba nzuri hudumu kati ya miezi 6 na 12, na wakati mwafaka wa kuzinunua ni mwisho wa Februari na mwisho wa Agosti, kabla ya misimu miwili ya mvua ya kusini. Kwa Gulu, Lira na sehemu nyingine za kaskazini, ambako msimu ni mmoja mrefu, kubadilisha mara moja mwezi wa Machi kunaweza kutosha. Kabla ya kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Kisekka au Ndeeba jijini Kampala pima urefu wa kila waipa peke yake, kwa kuwa ya upande wa dereva kwa kawaida ni ndefu zaidi, na uchukue ile ya zamani ili muuzaji aione ndoano yake. Raba iliyokaa miaka kwenye rafu huwa imekwisha kukakamaa hata kama pakiti ni mpya, kwa hiyo iguse kabla ya kulipa.

Unapotoa waipa, tandika taulo nene juu ya kioo. Mkono mtupu wa chuma ukirushwa na springi yake unaweza kukipasua kioo kwa pigo moja, na ajali hiyo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Baada ya kufunga mpya, tazama raba ikiwa imetulia: inapaswa kusimama wima juu ya kioo. Ikilala, fundi anaweza kuurekebisha mkono kwa kuupinda kidogo sana kwa spana mbili, na kelele za kurukaruka hukoma hapo hapo.

Maji ya tangi

Usijaze tangi la waipa kwa maji ya kisima wala kwa maji yenye sabuni nyingi kutoka kwenye jerikeni. Sabuni ya vyombo hutoa povu na kuacha utando, nayo chokaa ya kisima hurudisha madoa uliyoyatoa kwa siki. Maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri, pamoja na spiriti kidogo ya kuzuia uteute wa kijani unaoota katika maji yaliyosimama, yanatosha kabisa katika nchi isiyo na barafu barabarani. Matundu yakiziba, yazibue kwa sindano nyembamba na uyaelekeze yarushe maji katikati ya kioo. Vumbi likitanda njiani, rusha maji kwanza na uyaache yashuke, ndipo uwashe waipa. Matundu yasiyofanya kazi ni sababu ya kusimama kando ya barabara na kuosha kioo kwa chupa ya maji ya kunywa.

Wakati wa kubadilisha kioo

Mkwaruzo unaonasa ukucha mbele ya macho ya dereva, ufa unaoendelea kurefuka, au ukungu mweupe unaoanzia kingoni kati ya mabamba mawili ya kioo, yote hayo hayana dawa ya kusafisha. Mtafute fundi anayeondoa gundi ya zamani vizuri, na umuulize gundi anayoitumia inahitaji saa ngapi kabla ya gari kuendeshwa. Ufuate muda huo hata kama unaharakishwa. Gari likiwa na kamera nyuma ya kioo, uliza pia ni nani atakayeipima upya baada ya kioo kufungwa. Raba mpya za waipa zifungwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa zile za zamani bado zimebeba mchanga uliokikwaruza kioo kilichotolewa.